Anaingia wa Ngapi?

Kuna watu hapa Maskati, na wengine ni rafiki zangu wa karibu, wakinisikia nasimulia habari za Karani hucheka, wakasema, "Lakini bwana, ule si ulikuwa mchezo tu?" Hiyo "tu" yao inanikera mpaka leo. Inanikera zaidi kwa sababu na mimi niliwahi kuisema. Nilimwambia Karani usoni pake, mbele ya watu kumi na tano, na siku ile mtu pekee aliyekuwa na haki ya kukasirika alikuwa yeye, na alikasirika peke yake. Hasira niliyokuwa nayo mimi ilikuja baadaye, wakati haina tena kazi ya kufanya.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Mwenyewe hakuyapenda mazungumzo hayo. Siye tuliotoka Unguja na bara tukikutana lazima tuulizane: fulani mtoto wa nani, mlikaa mtaa gani, mlikuja mwaka gani. Yeye akiulizwa alinyanyua penseli na kusema, "Hayo hayana safu kwenye daftari langu." Basi. Timu nzima ya kriketi ya kampuni yetu tulimwita Karani, kwa kuwa kila Ijumaa asubuhi, kwa miaka mingi katika miaka ya tisini, alikaa kando ya uwanja wa changarawe kule Darsait akiandika kila mpira uliorushwa na kila mkimbio uliopatikana. Hakuwa mwajiriwa wa kampuni yetu. Alikuwa amekwisha staafu serikalini. Hakuna aliyemwita. Alikuja asubuhi moja kutazama kriketi, akasimama nyuma ya kijana aliyekuwa akituandikia, akatazama ova mbili, yaani mirusho kumi na miwili, kisha akamgusa bega akamwambia, "Inuka."

Alikuwa na penseli mbili, moja kwa kila timu, zimechongwa kwa wembe mpaka ncha zikawa kama sindano. Raba hakuwa nayo, na akimuona mtu na raba alimtazama kama aliyekutwa na funguo za nyumba ya jirani. "Kilichotokea kimetokea," alikuwa akisema. "Ukikosea, usifute. Ongeza mstari, useme umekosea, utie saini." Na si maneno matupu. Mara moja alimwandikia mtu mikimbio minne ya mwenzake. Alipogundua, mchezo ulikuwa umekwisha na watu wanakunja mkeka wa makumbi tuliokuwa tukiutandika juu ya saruji. Aliwasimamisha wote, akaandika chini ya ukurasa, "Karani amekosea," akatia saini yake ndogo kama ya mtu anayeona haya. Na sisi manahodha alitulazimisha tutie saini kila baada ya mchezo. Mimi, nahodha wa timu yetu, nilikuwa na saini kubwa yenye mkia unaovuka nusu ya ukurasa. Nilijipenda sana wakati ule.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Hakuwahi kushika gongo la kriketi. Mpira ukimjia miguuni aliusukuma kwa ncha ya kiatu kama aliyeletewa chura. Lakini alijua mchezo kuliko sisi sote. Alichukia kelele, na wachezaji wetu wa Kihindi na Kipakistani, waliomwita Chacha, yaani baba mdogo, walinyamaza wakipita karibu yake. Lakini mpigaji wetu wa mwisho, mpishi mnene ambaye kila Ijumaa alitolewa kwa mpira wa kwanza au wa pili, siku moja alipiga mpira ukavuka mpaka wa uwanja ukagonga gari la meneja, na Karani aliimba. Aliimba kabisa, kitu cha harusini, macho yapo kwenye daftari na penseli inaandika sita.

Na alichukia kamari. Hata bahati nasibu ya maonyesho ya shule, ya kushinda birika, aliiita kamari. Lakini ni yeye aliyetuletea timu ya karatasi.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Kila mwanzo wa msimu, joto likipungua, sisi watu tisa kumi tuliokuwa tukikaa chini ya turubai tulichagua kwa zamu wachezaji wa ligi nzima, kila mtu kumi na mmoja wake, akawaandika kwenye karatasi. Mchezaji akishachukuliwa na mmoja, mwengine hampati. Akipata mikimbio uwanjani, mwenye karatasi anapata alama. Katikati ya msimu unaruhusiwa kubadilisha wawili. Pesa hazikuwamo hata baisa, Karani asingekubali. Mshindi alipata kiti. Chini ya turubai kulikuwa na makreti ya soda na kiti kimoja cha plastiki chenye mikono, na aliyeshinda msimu huu ndiye aliyekikalia msimu ujao wote. Hicho tu. Nataka msomaji akikumbuke kiti hicho, maana nilimuuza mtu kwacho.

Watu wengi walichagua majina. Walisikia fulani aliwahi kucheza Karachi, fulani ana mjomba katika timu ya taifa, wakamwandika. Karani aliwasikiliza, kisha akauliza swali lake moja: "Anaingia wa ngapi?"

"Bwana Karani, huyu jamaa ni simba!"

"Nnasikia. Anaingia wa ngapi?"

"Wa sita."

"Basi ni simba aliyefungwa bandani. Muandike, atakungurumia."

Asiyejua kriketi nimweleze kwa ufupi. Wapigaji huingia wawili. Akitolewa mmoja, anaingia anayefuata. Anayeingia wa kwanza, yaani anayefungua, ana hakika ya kupiga. Anayeingia wa saba hupiga ikiwa waliomtangulia wametolewa na ova bado zipo. Na kwetu ova zilikuwa chache, kwa sababu tulicheza Ijumaa asubuhi na lazima tumalize, watu waende wakaoge wawahi sala. Tulianza jua linachomoza juu ya milima, na ilipokaribia saa tano mwamuzi alikuwa anatazama saa kuliko anavyotazama mpira. Nambari moja alikula karamu. Nambari saba alikuta makombo, na Ijumaa nyingi hakukuta hata hayo. Mtu yule yule, mkono ule ule, mwaka huu anafungua ni dhahabu, mwaka ujao anashushwa ni bati. Karani alikuwa na ukurasa maalumu nyuma ya daftari wa jambo hilo: nani alipandishwa, nani alishushwa, na nini kilimpata. "Mtu habadiliki," alisema. "Nafasi ndo inayombadilisha. Halafu watu wanamlaumu yeye."

Tulidhani anatufundisha namna ya kushinda kiti. Mimi, niliyesoma mpaka kidato cha nne na kujiona nimeelimika, ndivyo nilivyoelewa. Nilisikia somo la alama, sikusikia kitu kingine. Nikalifanyia kazi.

Kampuni yetu ilikuwa na mtu anaitwa Rajabu, fundi wa viyoyozi kutoka Tanga, ana miaka thelathini hivi, na mke na watoto wawili aliowaacha kwao. Ufundi wake ulikuwa wa kawaida. Alichukuliwa kwa sababu ya gongo lake. Zilikuwapo kampuni wakati ule zilizoajiri watu hivyo, na kila mwisho wa msimu meneja wetu aliomba orodha ya mikimbio: aliye juu anabaki, aliye chini mkataba wake ukifika mwisho haufanywi upya, viza inafutwa, anarudi kwao. Sote tulijua. Mwaka ule mkataba wa Rajabu ulikuwa unaisha mwezi mmoja baada ya ligi. Alikuwa akifungua, nambari moja, na alikuwa akipiga vizuri sana. Kwenye timu za karatasi alikuwa wa Karani.

Kwenye timu yetu ya uwanjani alikuwapo mtunza stoo mmoja, anaingia wa sita, hakuna aliyemtaka. Katikati ya msimu nilikuwa wa pili kwa alama, Karani wa kwanza. Nikambadilisha mchezaji wangu mmoja nikamchukua mtunza stoo. Watu walicheka. "Nahodha umeokota makumbi!" Na mimi nikacheka nao, maana nilijua jambo wasilolijua: safu ya wapigaji naipanga mimi.

Ijumaa iliyofuata nikampandisha mtunza stoo akafungue. Rajabu nikamshusha wa saba.

Rajabu alinifuata pembeni, tayari amekwisha vaa pedi za miguuni. "Nahodha, kuna kosa nimefanya?"

"Hapana. Nataka mtu mwenye nguvu mwishoni."

"Mwishoni hapafiki, mkubwa. Unajua hapafiki. Mimi saba ninakufa."

"Kriketi ni timu, Rajabu."

Nilimwambia hivyo! Kriketi ni timu. Akavua pedi, akakaa kwenye changarawe. Siku ile hakuingia. Wiki ya pili hakuingia. Ya tatu aliingia zimebaki mipira minne, akapata mikimbio mitatu. Mtunza stoo, aliyekuwa na ova zote mbele yake, akawa shujaa, na watu wakanisifu kwa jicho langu la kuona vipaji.

Wiki ya kwanza Karani aliniachia daftari nikatia saini. Wiki ya pili nilipokwenda kutia saini, aliliweka daftari kifuani.

"Mrejeshe mtu mahali pake," alisema.

"Bwana Karani, safu ni kazi ya nahodha."

"Nnajua kazi ya nahodha. Nnajua na karatasi yako. Mrejeshe."

Watu walikuwa wamekusanyika kunywa kahawa. Nikaona nikinyamaza nitaonekana mwizi, nikasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Unasema hivyo kwa kuwa ni wako! Alama zako zinashuka, ndiyo maana. Ule ni mchezo tu, bwana, usiutie moyoni."

Karani alifungua daftari nyuma, akatoa karatasi ya timu yake, ile iliyokuwa inaongoza, akaichana katikati, na kila kipande akakichana tena. Alivitia vipande mfukoni mwa kanzu yake ya dishidasha, maana hakuwa mtu wa kutupa taka.

"Haya," alisema. "Sasa sina mtu. Nnakwambia nikiwa sina mtu: mrejeshe Rajabu mahali pake."

Hapo ndipo mtu mwenye haya angemrejesha. Nami nilijua kwamba nimeshindwa. Lakini nilikuwa nimeshakwisha kusema mbele ya watu, na kiti kilikuwa karibu. Nikachukua penseli, nikatia saini yangu yenye mkia, nikaenda zangu. Na wale wengine, watu wazima, wenye sala zao na heshima zao, walitazama chini wakanywa kahawa. Nawalaumu, lakini sina mdomo wa kuwalaumu nao.

Sifa nyingine ya Karani ni kwamba hakuwa na adabu ya ofisini. Miaka yote ya serikali haikumfundisha kubisha hodi. Ligi ilipokwisha, orodha ikapelekwa, alikwenda kwa meneja na daftari lake kwapani, akaingia. Aliyenisimulia ni mhudumu wa chai aliyekuwa mle ndani. Karani alifungua kurasa moja moja, akamwonyesha meneja kwamba mbele ya jina la Rajabu hapakuwa na sifuri. Palikuwa na neno "hakupiga".

"Tofauti yake nini?" meneja aliuliza. "Si hana mikimbio?"

"Sifuri ni mtu kapewa na kashindwa. Hakupiga ni mtu hakupewa. Na aliyemnyima si yeye."

"Mzee wangu, mimi naona nambari."

"Na mie ndiye n'nayeziandika! Nakwambia zinasema nini."

Meneja akamwambia, kwa upole, kwamba ikiwa nahodha ataandika mstari mmoja kueleza, atautazama.

Basi Karani akaja stoo, ambako mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa mtunza stoo yule. Hiyo ndiyo mara pekee aliyopata kuingia nilipokuwa nikifanya kazi. Alisimama katikati ya makopo ya rangi, na hakukaa nilipomwambia akae.

"Mstari mmoja," alisema. "Kwamba ulimshusha wewe, na kwamba upigaji wake haukuwa na kasoro. Hu'lazimiki kusema kwa nini. Hilo jambo lako na Mola wako."

"Inshallah nitaandika, Bwana Karani. Kesho."

"Kwa nini si sasa?"

"Nina shughuli."

Alizitazama shughuli zangu. Kwenye meza palikuwa na kikombe cha chai na gazeti. Akatoka.

Sikuandika kesho yake. Wala kesho kutwa. Kila siku nilijiambia kwamba mstari ule utanifanya nionekane mtu wa ajabu mbele ya meneja. Atauliza kwa nini, nami nitajibu nini? Siku ya kumi na kitu niliona jina la Rajabu limefutwa kwenye ubao wa zamu za mafundi. Alipita stoo kurudisha vifaa vyake. Aliviweka kimoja kimoja juu ya meza, bisibisi, koleo, kipimo cha gesi, akasubiri nihesabu. Nikahesabu. "Kwaheri, nahodha," alisema, na wala hakusema kwa ubaya. Sijui kama alijua. Nadhani alijua.

Msimu uliofuata nilikalia kiti. Karani aliendelea kuja, na aliandika kama kawaida. Mimi akinisalimia, na salamu nikimwitikia, lakini lile swali lake hakuniuliza tena. Wengine akiwauliza, "Anaingia wa ngapi?" Mimi hapana. Timu ya karatasi ilikufa mwaka ule ule, maana mwenye kuibuni hakuwa na karatasi. Nilikalia kiti kile mpaka mguu mmoja ukapasuka, nikaanguka mbele ya timu ya Ruwi, na Karani ndiye mtu pekee asiyecheka.

Miaka ikapita kumi na zaidi. Kampuni ikauzwa, uwanja ukajengwa maduka. Nilisikia Karani kahamia Al Amerat kwa mwanawe, na kwamba macho yamemwishia. Nikawa napanga kwenda na siendi, mpaka asubuhi moja nikaingia ndani ya gari, nikapanda njia ya mlimani kwa hasira, nimejikasirikia mimi mwenyewe, na nikafika kabla sijapata udhuru.

Mkwewe alinikaribisha sebuleni. Karani alikuwa amekaa chini juu ya godoro la kuegemea, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na daftari zake zimepangwa rafuni nyuma yake, zote.

"Nani huyo?"

"Nahodha, Bwana Karani. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa." Kisha, baada ya kahawa ya kwanza, "Umekuja kusema nini? Maana hukuja kunitazama. Miaka yote hukuja kunitazama."

Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yalipotea. Nikasema, "Nimekuja kwa habari ya Rajabu. Nimekuja uniwie radhi."

"Mie ulin'fanya nini? Mie ulinivunjia karatasi, na mwenyewe ndiye niliyeichana." Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akapapasa migongo ya daftari, akahesabu kwa vidole, akavuta moja. "Macho sina. Nsomee."

Nilifungua mahali alipoweka uzi. Nikasoma safu ya wapigaji ya Ijumaa ile, wa kwanza mpaka wa saba. "Rajabu. Hakupiga."

"Ukurasa wa pili."

"Rajabu. Hakupiga."

"Na chini yake pana nini?"

"Saini yangu."

"Kubwa?"

"Kubwa, Bwana Karani."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Mwaka mmoja baada ya kuondoka, Rajabu alimwandikia barua kutoka Tanga. Alikuwa amepata kampuni Sharjah inayotaka mpigaji wa kufungua, wakamwomba rekodi ya msimu wake wa mwisho. Karani akanakili kurasa zote kwa mkono wake, akampelekea, kwa kuwa aliombwa na kwa kuwa hakuweza kuandika kisichokuwamo. "Nikamwandikia na barua ya kueleza," alisema. "Lakini mie nani? Mzee wa pembeni. Walitaka neno la nahodha." Barua nyengine kutoka Tanga haikuja. Hakujua kama Rajabu yu hai.

"Nifanye nini?" nilimuuliza.

"Waniuliza mie?" Sauti ilipanda, na kwa mara ya kwanza tangu nimeingia nilimwona yule wa Darsait. "Mtu mzima una mvi, waja kuniuliza ufanye nini! Nilikwambia ufanye nini. Nilikuja mpaka kazini kwako nikakwambia!"

Mkwewe alichungulia mlangoni, akarudi. Karani alipapasa mfuko wa kifuani, akatoa penseli. Bado alikuwa akizichonga kwa wembe. Sijui vipi, kwa macho yale.

"Daftari langu halifutwi," alisema. "Lakini huongezwa."

Nikaandika chini ya saini yangu ya zamani. Maneno hayakunisumbua. Nilikuwa nayo kichwani miaka yote. Nilimshusha Rajabu mpaka wa saba kwa faida yangu. Upigaji wake haukuwa na kasoro.

"Nsomee." Nikamsomea. Alihesabu kwa kidole gumba kwenye vifundo vya vidole vyake, polepole, kama anayevuta tasbihi.

"Maneno kumi na matatu," alisema. "Yamekuchukua muda gani?"

"Dakika mbili, Bwana Karani."

Aliinua uso kuelekea sauti yangu.

"Andika na hilo," alisema. "Kisha utie saini."